Uamuzi kwanza, data baadaye: kisa cha Forest Service ya Marekani na msamaha wa ekari 1,000

Kuna kesi ya Marekani inaitwa Sierra Club (hawa ni shirika la wanamazingira) dhidi ya Bosworth, hukumu ya rufaa ilitoka tarehe 5 Desemba 2007, na ukiipitia harakaharaka utadhani ni ule ugomvi wa kila siku wa wanamazingira na serikali kuhusu kukata miti. Ukitulia nayo utaona kilichogombaniwa ni kitu kingine kabisa, ni kwamba serikali ikitaka kusema aina fulani ya kazi msituni haina haja tena ya kufanyiwa tathmini ya mazingira, nani anatakiwa kuthibitisha hilo, kwa ushahidi gani, na lini. Hilo la lini ndo kiini cha kesi nzima na ndo lililonifanya niiandike kwa urefu, maana huku kwetu pia tuna madaraja ya miradi kwenye tathmini, Kenya tangu 2019 wana hatari ndogo, ya kati na kubwa, Tanzania tangu marekebisho ya kanuni ya 2018 tuna zile A na B1 na B2, na kila anayetaka kitu chake kipite haraka anataka kiwekwe kwenye daraja la chini. Kwa hiyo swali la nani anapanga hayo madaraja na kwa msingi gani linatuhusu moja kwa moja.

Kwanza sheria yenyewe. Inaitwa NEPA, Rais Nixon aliisaini tarehe 1 Januari 1970, na ndo mama wa sheria za tathmini ya athari kwa mazingira duniani, hata zetu za EMCA ya Kenya 1999 na ile ya Tanzania ya 2004 zimechota wazo kutoka huko. Watu wengi wanaikosea wakidhani inakataza mambo. NEPA haikatazi kukata mti hata mmoja. Inachodai ni kwamba taasisi ya serikali kuu, kabla haijaamua jambo linaloweza kugusa mazingira kwa kiasi kikubwa, iangalie kwanza, iandike ilichokiona, ipime na njia nyingine za kufanya jambo hilohilo, na wananchi wapate kuona na kusema. Ukishafanya hayo yote kwa ukweli unaweza kuamua hata jambo baya na sheria hii haitakushika. Ndo maana suala la mpangilio wa hatua lina uzito kuliko kawaida, ukishaondoa ule utaratibu wa kuangalia kabla ya kuamua hakuna kingine kinachobaki ndani yake.

Utekelezaji una ngazi tatu. Juu kabisa ni ile ripoti kamili ya athari, mamia ya kurasa, inaweza kula miaka. Katikati kuna tathmini fupi, ambayo inafanywa kujua kama athari ni kubwa kiasi cha kudai ripoti kamili, na ikionekana hapana wanaandika tamko la hakuna athari kubwa na kazi inaendelea. Chini kabisa ni misamaha, yaani makundi ya kazi ambazo taasisi imeshazichunguza kwa ujumla ikaona kwamba hazina athari kubwa, ikiwa moja moja wala zikijumlishwa pamoja. Kupaka rangi jengo la ofisi, kukarabati njia ya watembea kwa miguu, vitu vya hivyo. Hayo maneno "moja moja wala zikijumlishwa" yalikuwemo kwenye kanuni za wakati ule na yashike vizuri, ndo yaliyokuja kuisumbua serikali baadaye. Ukiwa ndani ya msamaha unachoandika ni waraka mfupi wa uamuzi tu, na unaangalia kama pale pana hali isiyo ya kawaida, mfano viumbe walio hatarini kutoweka, ardhi oevu, maeneo matakatifu ya wenyeji asilia. Na hata hapo, Agosti 2002 walishailegeza kanuni, kwamba kuwepo tu kwa hivyo vitu hakuzuii msamaha mpaka ionekane kiwango cha athari.

Sasa Forest Service. Hawa ndo wasimamizi wa misitu ya serikali kuu, kama TFS ya Tanzania au KFS ya Kenya, wako chini ya Wizara ya Kilimo tangu 1905, wanashikilia misitu ya taifa 154 na jumla ya ardhi kama ekari milioni 193. Ni ardhi ya umma kabisa, ya wananchi wote, na ndani yake wanavuna mbao, wanalisha mifugo, wanapiga kambi, wanachimba madini, na mito inayonywesha miji mikubwa inaanzia humo.

Na tatizo la moto ni la kweli, nalisema mapema nisije nikaeleweka vibaya. Mwaka 1910 moto uliunguza kama ekari milioni 3 za Idaho na Montana kwa siku mbili tu, watu wakafa, na lile janga lilijenga tabia ya taasisi nzima: moto ni adui, uzimwe wote. Kufika 1935 wakawa na agizo kwamba moto wowote ukionekana lazima udhibitiwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Wakati huohuo wenyeji asilia kama Karuk na Yurok wa kaskazini mwa California, waliokuwa wakichoma misitu yao kwa mpango tangu zamani, wakazuiwa, kuchoma kukawa kosa. Matokeo ya miaka karibu mia ya kuzima kila kitu ni kwamba misitu ya misonobari iliyozoea moto mdogo wa chini kila baada ya miaka michache ikajaa vichaka, miti midogo iliyobanana, matawi makavu na majani mazito chini, na moto ukiingia humo saa hizi haubaki chini, unapanda vileleni. Ukichanganya na ukataji wa zamani uliochukua miti mikubwa yenye magamba mazito na kuacha ile inayoungua haraka, halafu watu wakajenga nyumba ndanindani ya msitu, picha unaipata.

Mwaka 2000 ulikuwa mbaya, 2002 ukawa hivyohivyo. Hayman kule Colorado uliunguza ekari kama 138,000 na nyumba zaidi ya 130. Rodeo-Chediski wa Arizona, karibu ekari 468,000. Biscuit wa kusini magharibi mwa Oregon, karibu nusu milioni. Na ilikuwa ni huko Oregon, Agosti 2002, moshi haujaisha, Rais Bush akaenda akatangaza mpango wake wa misitu yenye afya, hoja ikiwa kwamba kazi ya kupunguza miti na vichaka inacheleweshwa na makaratasi na kesi. Forest Service wenyewe miezi michache kabla walikuwa wameshatoa ripoti wakilalamika kwamba taratibu zimewafunga mikono.

Kuhusu hilo la kesi nasimama kidogo. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani iliangalia maamuzi 818 ya Forest Service ya kupunguza vitu vinavyolisha moto kwa miaka ya 2001 na 2002. Yaliyokatiwa rufaa ya ndani ni kama robo, na yaliyofika mahakamani ni asilimia 3 hivi. Kwa hiyo ule wimbo kwamba kila kitu kinakwamishwa na mahakama haukuwa na mguu wa kusimamia. Kilichokuwa kinawaumiza zaidi, na miaka iliyofuata ilikuja kuonekana wazi, ni bajeti: gharama ya kuzima moto ilikuwa asilimia 16 ya bajeti ya Forest Service mwaka 1995, kufika 2015 ikapita nusu, na pesa za kuzuia ndo zilizokuwa zinahamishiwa kwenye kuzima. Lakini pesa ni ngumu kuipata, kanuni ni rahisi kuibadilisha, basi wakaenda kwenye kanuni.

Msamaha wenyewe

Desemba 2002 wakatoa pendekezo, na tarehe 5 Juni 2003 ikawa kanuni kamili. Ilisema mradi wa kupunguza vitu vinavyolisha moto unaweza kupita bila tathmini wala ripoti kama ni kuchoma kwa mpango usiozidi ekari 4,500, au kazi ya mashine na misumeno, yaani kupunguza miti, kupogoa, kukata, kusaga, kurundika, usiozidi ekari 1,000, ambayo ni kama hekta 405. Masharti yalikuwepo, tuwatendee haki. Usiwe ndani ya maeneo ya pori yaliyolindwa, hakuna dawa za kuua magugu wala wadudu, hakuna barabara mpya za kudumu, na uwe kwenye ukanda ambako makazi yanakutana na msitu, au kama ni nje ya hapo basi uwe msitu ambao utaratibu wake wa asili wa kuungua umeshaharibika. Na mbao zitakazopatikana zinaweza kuuzwa ilimradi lengo kuu liwe kupunguza moto.

Soma tena hiyo kanuni utafute kilichokosekana. Hakuna ukomo wa idadi ya miradi. Hakuna umbali kati ya mradi na mradi. Hakuna unene wa mti, kwamba mwisho wa kukata ni kipenyo hiki. Meneja wa msitu mmoja angeweza kuweka ekari 1,000 hapa, 1,000 pale ng'ambo ya kijito, nyingine 1,000 kwenye mteremko unaofuata, kila moja na waraka wake mfupi, na kisheria kila moja ingeonekana ni kitu kidogo. Matarajio yao wenyewe yalikuwa kwamba kitaifa ungetumika kwenye kama ekari milioni 1.2 kwa mwaka.

Na data ilitoka wapi? Hapa ndo kuna kisa chenyewe. Tangazo la rais Agosti 2002. Septemba 2002 makao makuu yakatuma ombi kwa ofisi za mikoani walete taarifa za miradi ya nyuma ya namna hiyo. Zikaja taarifa za miradi zaidi ya 2,500, wakazijumlisha, wakasema angalia, hakuna madhara makubwa yaliyoonekana, kwa hiyo aina hii ya kazi tunaweza kuisamehe. Kwa mtu wa kawaida inasikika vizuri, miradi 2,500 sio mchezo. Lakini uamuzi wa kuwa na msamaha ulikuwa umeshafanyika kabla hata ya taarifa ya kwanza kufika mezani, taarifa zilienda kutafutwa ili uamuzi upate cha kuegemea. Ni kama mzee wa ukoo ameshapokea posa ya binti na mahari imehesabiwa, halafu ndo anaita kikao kuuliza jamani huyu kijana tumkubali?

Mahakamani

Oktoba 2004 Sierra Club na wenzao wa kampeni ya kulinda misitu ya Sierra Nevada wakafungua kesi California. Mbali na kanuni yenyewe walitaja na miradi halisi kwenye msitu wa Eldorado na wa Lassen, ambayo ilikuwa imeshapita kwa njia ya huo msamaha. Huyo Bosworth wa kwenye jina la kesi ni Dale Bosworth, aliyekuwa mkuu wa Forest Service, sio kwamba alishtakiwa kwa ubaya wake binafsi, ndo utaratibu wao wa kumtaja mkuu wa taasisi. Mahakama ya chini mwaka 2005 ikawapa ushindi Forest Service. Sierra Club na wenzao wakakata rufaa kwenda Mzunguko wa Tisa, mahakama ya rufaa ya majimbo ya magharibi, na huko mambo yakageuka.

Majaji walisema mambo ambayo nitayaeleza kwa maneno yangu. La kwanza ni hilo la mpangilio: ukusanyaji wa data ulifanyika kuhalalisha uamuzi ambao tayari upo, na NEPA inataka kinyume chake. La pili ni mjumuiko. Forest Service walijitetea kwamba athari za jumla zitaangaliwa kwenye kila mradi, pale watakapotafuta zile hali zisizo za kawaida. Mahakama ikakataa, ikasema ukiangalia mradi mmoja kwa hali isiyo ya kawaida hutaona mjumuiko, kwa sababu mjumuiko hauko kwenye mradi mmoja, uko kwenye miradi yote pamoja, na mahali pa kuupima ni pale unapotunga msamaha. Kama hukuupima hapo hakuna mahali pengine utakapopimwa. Mimi hii naiona ndo hoja nzito kuliko zote kwenye hukumu, nzito hata kuliko ile ya kwanza iliyoipa kesi umaarufu, maana kosa la mpangilio unaweza kulitibu kwa kurudia zoezi, lakini hili linaonyesha kwamba muundo mzima wa kufikiri ulikuwa na tundu. La tatu, msamaha haukuwa na mipaka ya kueleweka, huko kwenye idadi, ukaribu na unene wa miti nilikotaja. Na waliona pia kwamba ubishi wa kitaalamu juu ya athari za kazi hizi ulikuwepo na haukujibiwa ipasavyo, Forest Service waliupita juujuu.

Wakarudisha kesi chini na maelekezo kwamba huo msamaha usitumike mpaka tathmini ya kweli ifanyike, ikigusa miradi iliyopitishwa baada ya kesi kufunguliwa.

Sasa kuna kitu kwenye ile data ambacho nataka tukitazame kwa utulivu, kwa sababu makosa ya namna hii nayaona sana kwenye ripoti za huku kwetu. Ile miradi ya nyuma, mingi yake ilikuwa imepitia tathmini. Tathmini ndo ilisema hapa msikate karibu na mto, hapa acheni miti yenye viota, hapa mashine zisiingie wakati udongo umelowa, hapa punguzeni eneo. Kwa hiyo miradi ikaisha salama. Halafu mtu anachukua huo usalama anasema mnaona, kazi hizi hazina madhara, tuondoe tathmini. Lakini usalama uliletwa na nini? Ukiitoa tathmini umeondoa kitu kilichoyazalisha hayo matokeo unayojivunia. Ili hoja isimame ilibidi waonyeshe kwamba hayo masharti ya kinga yangebaki kuwa lazima ndani ya msamaha, na ukiusoma mengi hayamo, yameachwa kwenye busara ya ofisi husika. Mtu yeyote anayekuletea orodha ndefu ya miradi iliyokwenda salama ili afute ukaguzi, muulize kwanza ilikwenda salama ikiwa chini ya ukaguzi gani.

Walijua kufanya vizuri, na walifanya

Kuna wanaosema mahakama ile ina chuki na Forest Service, kwamba msamaha wowote ungeanguka pale. Rekodi haisemi hivyo, na hapa ndo kisa kinanoga kwa mtu anayependa mambo ya taratibu.

Mwaka 1992 Forest Service walitunga msamaha wa kuvuna mbao, mpaka futi-ubao 250,000 za miti mizima na milioni moja kwa miti iliyokufa au kuanguka (futi-ubao moja ni kipande cha futi moja kwa futi moja, unene inchi moja). Kundi la Heartwood likawashtaki Illinois, mwaka 1999 mahakama ikaufuta kwa sababu hakukuwa na maelezo namba hizo zimetokana na nini. Basi wakajifunza. Wakaenda kuangalia mauzo ya mbao 154 yaliyokwisha kufanyika, wakatazama hali ilivyokuwa baada ya kazi, wakachukua wastani wa ukubwa, na Julai 2003 wakatoa misamaha mipya iliyobanwa sana: ekari 70 kwa miti mizima, ekari 250 kwa miti iliyokufa, 250 kwa kudhibiti wadudu na magonjwa. Huo wa miti iliyokufa nao ukapelekwa mahakamani, na Januari 2006 mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Kumi kule Denver ikaukubali uendelee kutumika, kwenye kesi ya Colorado Wild.

Angalia basi. Taasisi ileile, mwaka uleule wa 2003, tena ni miezi miwili tu kati ya kanuni na kanuni. Mmoja ulijengwa kwa kuangalia kwanza halafu namba ikatoka kwenye kilichoonekana, ukasimama. Mwingine ulianza na tangazo la rais halafu ushahidi ukatafutwa, ukaanguka. Mahakama ni mbili tofauti, nakubali, na majaji wana mitazamo yao, lakini ukizisoma hukumu zote mbili pamoja tofauti ya maandalizi inaonekana wazi kabisa. Na tofauti ya ukubwa pia, 250 sio 1,000, wala 4,500.

Vipi kuhusu watu wanaoungua?

Hili swali ni la haki na halipaswi kukwepwa. Juni 2007, nusu mwaka kabla ya hukumu, moto wa Angora uliingia South Lake Tahoe ukateketeza nyumba 254 kwenye eneo la ekari kama 3,100 tu. Watu walikuwa na uchungu na hasira, na wengi walisema hizi taratibu za mazingira ndo zimetuunguza. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba sehemu nyingi zilizokuwa zimepunguzwa miti moto ulipofika ulishuka kutoka vileleni, kwa hiyo kazi hiyo inasaidia, asije mtu akadanganya kwamba kupunguza miti ni ujanja wa wauza mbao tu. Lakini ilionekana pia kwamba nyumba nyingi zilishika moto kutoka kwa nyumba jirani na kwa cheche, na utafiti wa Jack Cohen, mwanasayansi wa Forest Service wa Missoula, Montana, ulikuwa umeshasema miaka mingi kwamba kinachoamua nyumba iungue au ipone ni nyumba yenyewe na mita kama 30 mpaka 60 za kuizunguka: paa, majani makavu kwenye mabomba ya mvua, kuni zilizorundikwa ukutani. Ekari 1,000 za msitu kilomita kadhaa kutoka mjini hazikusaidii kama paa lako ni la vigae vya mbao.

Na hapo ndo unaona thamani ya tathmini kwa wanaoungua wenyewe. Tathmini ingeuliza, kwanini hapa na sio pale? Kwanini ekari 1,000 mbali wakati ekari 200 pembeni ya mtaa hazijaguswa? Kwanini miti minene ikatwe wakati inayolisha moto ni midogo? Jibu la swali la mwisho mara nyingi lipo kwenye pesa, vichaka na miti midogo hainunuliki, kuiondoa ni gharama tupu, mti mnene ndo unalipa mkandarasi. Sitaki kusema kila mradi ulikuwa hivyo, ila kanuni isiyo na ukomo wa unene inauacha huo mlango wazi, na meneja mwenye bajeti iliyoliwa na kuzima moto ana kila sababu ya kuupitia.

Nakubali pia kwamba tathmini zao zimekuwa nzito kupita kiasi. Mtu wa ofisi ya msitu mdogo anaandika kurasa mia tatu sio kwa sababu msitu unazihitaji, anaandika kwa sababu anaogopa wakili. Huo ni ugonjwa halisi na unakula miaka ambayo msitu hauna. Ila dawa yake ilikuwepo, ufupishe tathmini, uajiri wataalamu (walipungua sana miaka ile), upange kazi kwa eneo kubwa la bonde zima mara moja badala ya vipande. Kufuta swali lenyewe ni njia nyingine kabisa.

Baada ya hapo

Njia ikahamia bungeni. Bunge likitunga msamaha kwa sheria halihitaji data wala kuthibitisha chochote kwa mahakama chini ya NEPA, na ndivyo ilivyofanyika: sheria ya kilimo ya 2014 ilileta msamaha wa ekari 3,000 kwa maeneo yenye wadudu na magonjwa ya miti, 2018 ukaja mwingine wa ekari 3,000 kwa ajili ya moto, 2021 ukaongezwa wa kutengeneza vizuizi vya moto. Angalau hiyo ya 2014 na 2018 ilidai miradi ipangwe kwa ushirikiano wa wadau mbalimbali na miti ya kale itunzwe kadiri inavyowezekana, kwa hiyo baadhi ya yale yaliyokosekana 2003 yaliingia kupitia mlango huo, na hilo ni jema. Forest Service nao wakajaribu tena kwa kanuni, 2019 wakapendekeza msamaha wa ekari 7,300, wananchi wakatuma maoni kwa maelfu, Novemba 2020 ukatoka wa ekari 2,800. Ile shule ya Bosworth ilionekana pale, safari hii walikuja na uchambuzi wa miradi ulioandikwa na kuwekwa wazi tangu mwanzo, ukubwa ukapungua baada ya kusikiliza.

Halafu 2025 ikaja kwa kasi. Baraza la mazingira la Ikulu likafuta kanuni zake za NEPA zilizokuwepo tangu miaka ya 1970, zile zenye maneno "moja moja wala zikijumlishwa". Tarehe 3 Aprili waziri wa kilimo akatangaza hali ya dharura kwenye ekari milioni 112.6 za misitu ya taifa, karibu asilimia 59 ya yote, ili kuharakisha uvunaji. Tarehe 29 Mei Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya reli ya Utah, ikaziambia mahakama za chini ziheshimu sana maamuzi ya taasisi kwenye mambo ya NEPA. Julai wizara ikatoa kanuni zake mpya zilizopunguza sana ulazima wa kuita maoni ya wananchi.

Na tangu marekebisho ya NEPA ya 2023 taasisi moja inaruhusiwa kuazima msamaha wa taasisi nyingine. Hilo ndo linalonitia wasiwasi kuliko hata namba za ekari, kwa sababu msamaha uliojengwa kwa data ya nyanda za vichaka za Nevada sasa unaweza kuombwa utumike kwenye msitu wa mvua wa Oregon, na mwananchi wa Oregon akitaka kujua ni nani aliyeangalia mteremko wake kabla misumeno haijawashwa, itabidi aanze kwa kutafuta ni ofisi gani iliyotunga msamaha huo, mwaka gani, na ilipima msitu upi.